Kisigino cha Shangazi

Ndani ya studio, Shangazi alianza tena kuimba kabla ya ngoma. Waimbaji wake watatu wakamfuata, maana ndivyo walivyozoea, na wimbo wote ukaanguka kama gunia lililokatika kamba.

"Simama," fundi wa sauti alisema kutoka nyuma ya kioo. "Mama, sikiliza ule mlio wa saa ya kuhesabia mapigo kwenye hedifoni. Ukifika wa nne, ndipo unaingia."

"Namsikia huyo kuku anayedonoa bati," Shangazi alijibu. "Ila kuku hajawahi kuniongoza kwenye maombi."

Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha kijiti. Radi hakucheka. Mashabiki ndio waliompa jina hilo, kwa jinsi gitaa lake la umeme linavyonguruma. Kwa Shangazi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumfundisha kuimba kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, alikuwa bado "baba". Lakini tangu alipoiacha kwaya ya kanisa aliyoiongoza Shangazi akaenda kupiga muziki wa roki, Shangazi hakuwahi kukanyaga alikopiga. Leo alikuja kwa sharti alilolitamka mlangoni, hata kabla ya kukaribishwa kiti: "Nikiona ni kelele tupu, naondoka na watu wangu. Na hutaniita tena."

Wimbo wenyewe Radi aliutunga kama sala. Wenzake walidhani ni wa mapenzi. Yeye alijua anazungumza na nani. Aliyetaka ajue pia ni huyu mama wa kitambaa cheupe, ambaye sasa alikuwa anavua hedifoni na kuiweka kitini kwa adabu, kama anayerudisha kitu cha watu.

"Baba, tusidanganyane. Mimi na hii mashine hatuelewani."

Radi akamzuia kwa swali. "Shangazi, kwani kanisani nani alikuwa anakuhesabia?"

"Kuhesabiwa? Nani anamhesabia mtu anayelia?"

Hapo Radi akakumbuka. Katika kwaya yao hakuna aliyehesabu. Shangazi alikuwa akivua viatu, akipiga kisigino sakafuni, na wote, wazee kwa vijana, wakilitazama bega lake: likipanda, anavuta pumzi, likishuka, wimbo umeanza. Na miaka yote hii jukwaani, kabla ya kugusa uzi wa kwanza, mguu wa Radi ulipiga hivyo hivyo. Alidhani ni mazoea yake mwenyewe.

"Zima hiyo saa," alimwambia fundi.

"Halafu vipande vya rekodi nitaviungaje bila saa?"

"Hakuna vipande. Tunapiga wote kwa pamoja. Shangazi, vua viatu."

"Na mimi namfuata nani?" mpiga ngoma aliuliza.

"Bega la Shangazi."

"Ndugu yangu, nimepiga na walevi, lakini sijawahi kupiga na bega."

"Kama walevi uliwaweza," Shangazi alisema, akiinama kuvua viatu, "hili halipepesuki."

Kisigino kikagonga ubao. Kikagonga tena. Bega likapanda, likashuka, na ngoma na sauti zote zikapita mlango mmoja. Radi aliingiza gitaa chinichini, kama mtoto anayechungulia sebuleni wageni wakiwepo. Shangazi aliimba amefumba macho: umenibeba nisipojiweza. Wenzake wakamjibu. Kwenye ubeti wa pili, bila kufumbua macho, akanyoosha mkono upande wa Radi, kiganja juu, akakiinua.

Hakuna mwanakwaya wake asiyeijua ishara ile. Pandisha sauti, Mungu si kiziwi, lakini nawe usimnong'oneze.

Radi alikanyaga kitufe cha gitaa kilichokuwa sakafuni. Gitaa likanguruma hadi kioo cha fundi kikaitikia. Kiganja hakikushuka.

Walipomaliza, fundi alirudisha rekodi mwanzo, akaisikiliza.

"Kisigino kimeingia kwenye rekodi," alisema kwa upole.

"Kiache," Radi alisema.

Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Kumbe muda wote huu ulikuwa unasali," alisema, "na mimi huku nakuombea uache."

Radi alicheka, pumzi ikamtoka yote kama mtu aliyetua mzigo. Mkono wake uligusa uzi mmoja mnene wa gitaa, likanguruma. Kando ya spika, viatu vya Shangazi vilitetemeka, vikasogea kidogo. Mwenyewe hakuonekana kuvihitaji.