Viasi vya Bwanausi

Kitwana alipofika, kongoni alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa amekimbia hatua mia mbili, kisu mkononi, shuka imemnasa mapajani, bismillahi i tayari mdomoni, na alipopiga magoti kwenye majani akaona jicho limetanda ukungu na ulimi umetoka pembeni. Akamshika shingo. Ilikuwa na joto bado, lakini joto la chungu kilichoepuliwa.

"Mzoga," alisema.

Shemeji yake, Bwanausi, alikuja nyuma taratibu, bunduki begani, akivikwepa vichuguu kama mtu anayechungulia pa kukaa harusini. "Umeona alivyolala? Hakupiga hata hatua. Kifuani, hapa. Mia mbili na ushei, shemeji."

"Nimeona."

"Sasa mbona humchinji?"

"Nimchinje nani? Mwenyewe ameshakwenda."

Huyu alikuwa wa pili tangu alfajiri. Wa kwanza alikuwa swala, naye Kitwana alimkuta vivyo hivyo, ametulia kama aliyelazwa na mamaye. Na kesho Fatu anaolewa. Fatu, bintiye, mtoto pekee aliyebaki kati ya watano. Wakwe wa Miono walikuwa wamekwisha fika Mkange tangu jana, watu kumi na wanane na mafurushi yao. Mchele umepepetwa, nazi zimeanguliwa, mkewe Mina amezunguka mji mzima akiazima masufuria. Kilichokosekana ni kitoweo. Kitwana hakuwa na mbuzi wala kuku wa kutosha, ila alikuwa na ulimi, na ulimi huo ulisema mbele za watu kwamba nyama ipo, shemeji anakuja na bunduki kutoka Bagamoyo.

Shemeji akaja kweli. Akaja na bunduki ile ya kufungukia nyuma, aliyopewa alipokuwa askari wa misafara, isiyoshindiliwa baruti kwa mdomo kama magobori ya hapa kijijini. Hiyo hula viasi, vibweta vya shaba vyenye baruti na risasi humo humo. Bwanausi alivileta vya namna mbili katika mifuko miwili. Vya dukani vilikuwa virefu, vinang'aa, vimejaa baruti hadi shingoni. Vingine vilikuwa maganda ya hivyo hivyo, ameyaokota na kuyajaza mwenyewe, baruti nusu, risasi ya kuyeyusha jikoni, mdomo umezibwa kwa nta. Vya dukani alikuwa navyo tisa. Jana jioni, mbele ya wakwe, alisimamisha vifuu vya nazi juu ya kigogo, akarudi nyuma mpaka watu wakacheka, akavipasua kimoja baada ya kimoja. Sita vikaenda hivyo. Wanawake walipiga vigelegele. Kitwana peke yake ndiye aliyekuwa akihesabu.

"Basi tia hivi vidogo," alisema sasa, akiugonga mfuko wa pili kwa mpini wa kisu. "Tunyemelee. Hatua arobaini. Mpige paja, aanguke na roho yake, nami nimfikie."

"Hivi? Hivi ni vya kupigia vifuu uani. Hatua thelathini tu kinaanza kushuka kama kunguru aliyechoka. Unataka nitambae kwenye upupu kwa kitu kama hicho, na kiasi cha maana ninacho?"

"Cha maana kwa nani?"

"Kiasi cha maana ni kile kinachoua, shemeji. Muulize mtu yeyote Bagamoyo."

"Kwangu mimi ni kile ambacho magoti haya yanakiweza. Nina miaka hamsini na mitano. Risasi yako imezaliwa leo."

Bwanausi akacheka, kisha akaangalia huku na huku ingawa palikuwa hapana mtu, akachuchumaa. Sauti yake ikashuka.

"Tuko wawili tu hapa. Mkate shingo. Damu bado imo. Sema ulimkuta anahema."

Kitwana alikifuta kisu kwenye majani, kisu kisicho na cha kufutwa. Kwa miaka ishirini wawindaji wa upande huu walikuwa wakimchukua nyuma yao kwa kazi hiyo moja. Hakuwa na shamba la kusifiwa wala mwana wa kiume. Alichokuwa nacho ni kwamba akisema "Nimemkuta hai," Mkange yote ilinawa mikono ikala, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

"Mwalimu wa chuo cha Kurani ametwambia," alisema. "Risasi haikati, inaponda. Kinachohalalisha ni kisu, na kisu kikute uhai."

"Mwalimu hayuko hapa."

"Najua hayuko. Ndiyo maana huwa wananiuliza mimi."

Kwenye kichaka nyuma yao kukasikika kikohozi cha adabu. Wachimba sandarusi, ule utomvu mkavu wa ardhini, wanne, majembe mabegani, watu wa bara wasiouliza nyama imechinjwa na nani. Walikuwa wamemchukua yule swala asubuhi, na tangu hapo hawakuwa mbali.

"Na huyu, mzee?" aliuliza mkubwa wao.

"Chukueni."

"Mungu akuzidishie. Mwingine mtampiga saa ngapi, ili tusichelewe?"

Kitwana alikichomeka kisu alani. Alijua akifungua kinywa kitatoka kitu cha kumtia toba siku tatu.

Adhuhuri iliwakuta kwenye mchanga wa kijito kikavu. Walitayamamu, wakaswali bega kwa bega, Bwanausi akimaliza kila rakaa nusu pumzi kabla ya mwenzake. Baada ya salamu Kitwana alibaki amekaa, viganja wazi. Hakuomba mnyama. Aliuona uso wa Mina juu ya sufuria la wali mtupu, akawaona wakwe wakitazamana, akaomba tu asije akatamani kusema uongo, maana alikuwa ameanza kuutamani.

Kwenye saa tisa walimwona kuro. Dume, peke yake, kando ya matete ya mto, anakula na kuinua kichwa, anakula na kuinua kichwa. Upepo ulikuwa mzuri. Bwanausi alikwisha ifungua bunduki, na mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa vya dukani, palipobaki kimoja.

"Mia na themanini," alinong'ona. "Simkosi."

"Najua humkosi."

Kitwana alikishika kisu kwenye ubapa, akamgeuzia mpini.

"Cha nini?"

"Ukitia hicho kirefu, mimi nakaa hapa chini ya kivuli. Utamkimbilia wewe. Utamchinja wewe. Na wakwe wakiuliza alikuwa hai, utawajibu wewe, kwa jina lako."

Bwanausi alikitazama kisu. Akautazama mwendo uliokuwa mbele, wa majani na mashimo ya ngiri, kisha tumbo lake. Mkono wake ulitoka kwenye mfuko mmoja ukaingia kwenye wa pili.

Walitambaa. Upupu ukawaingia shingoni na viwikoni, na Bwanausi alitukana chini kwa chini, kwa mpango, akianza na upupu na kuishia kwa waliobuni ndoa. Mara mbili alisimama akionyesha kwa kidole kwamba hapa panatosha. Mara mbili Kitwana alitikisa kichwa. Mia. Sabini. Arobaini, na kuro akainua kichwa na hakukirudisha.

Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu aliyekohoa chumba cha pili. Risasi ilishuka, kama mwenyewe alivyosema itashuka, ikamkuta nyuma chini ya nyonga. Kuro aliruka, akaanguka, akaamka, akajikokota na miguu ya mbele mpaka ndani ya matete, na matete yakajifunga.

Kitwana alikuwa amekwisha ondoka. Hakusikia magoti. Alifuata damu, akaingia matopeni hadi vifundoni, akayasukuma matete kwa mikono miwili, akamkuta amelala ubavu kwenye kijisehemu cha maji machache. Alimgeuza shingo kuelekea kibla. Ikageuka bila kumpinga, na jambo hilo halikumpendeza.

Mbavu zilikuwa zikienda, au ni kivuli cha matete kilichokuwa kikienda juu yake. Nyuma yake kulisikika kishindo. Bwanausi, safari hii anakimbia, bila bunduki, uso umevimba kwa upupu. Akasimama. Hakusema alikuwa hai, hakusema alikuwa amekufa.

Jicho la kuro lilikuwa wazi, na kope zake ndefu zilikuwa zikitikisika, lakini upepo nao ulikuwa ukivuma. Kitwana aliweka kisu kooni. Akaukinga upepo kwa kiganja cha mkono mwingine, akanyoosha kidole kimoja mpaka kwenye ncha ya kope, akaigusa, akangoja kuona kama jicho litapepesa.