Umeme Uliobaki Ndani

…kitabu kikubwa au kidogo, Mungu wangu, kikubwa kimejaa hesabu za watu wa chuo, kidogo kina picha za nyaya na balbu, na huyu Kang'ethe muuza vitabu vikuukuu ananiuliza tena, "Mama, ni ya kijana wako?" la, ni changu, "Ati yako? Wewe utengeneze redio? Bana, si uchukue hii kubwa, hata usiposoma wezi wataogopa," anacheka, Kitale nzima inapita nyuma yangu, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso, ufunguo wa kibanda cha kazi cha mume wangu Hesbon kule Kimilili, hakijafunguliwa tangu nimzike, Mukhisa ndugu yake anasema pale pamelaaniwa, Jumamosi watachoma kila kitu, chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, redio za watu, "Shemeji, waya imetolewa kwa ukuta, halafu stima inaua mtu, hiyo ni stima gani kama si mkono wa mtu?" nikasema nitaomba, nikaomba, na kila nikifumba macho namwona Hesbon ameinamia ile maikrowevu ya hoteli, ya kupashia chakula, waya niliuchomoa mimi mwenyewe, akasema asante Nasike, akatia mkono… Bwana, nitulize… kikubwa kinaanza na hesabu, nakifunga, kidogo kinaanza na onyo, nasoma polepole, neno kwa neno, kapasita hutunza umeme, hata waya ukichomolewa umeme hubaki ndani, unaweza kuua, uondoe kwanza… narudia… hubaki ndani… basi haukuwa mkono wa mtu, wala huu wangu, umeme ulikuwa mle ndani ya maikrowevu umetulia tu, na namna ya kuuondoa imechorwa hapa chini, maskini Hesbon, fundi wa redio ndogo za betri, alijifunza kwa kutazama wenzake, hiyo ilikuwa maikrowevu yake ya kwanza, na jibu liko hapa, limelala Kitale chini ya vumbi, ukurasa mmoja, Hesbon, ukurasa mmoja tu… machozi yaje baadaye, nisilowanishe kitabu cha watu… "Mama, kubwa ama ndogo?" napapasa pindo la leso, ufunguo upo, Jumamosi Mukhisa aje na kiberiti chake, atanikuta ndani, mlango wazi, ngoja, baba, ngoja kidogo, bado nasoma…