Kodi ya Mafungu Arobaini na Saba

Genoveva alikuwa barazani akifunga vitunguu swaumu kwa kamba ya katani wakati mumewe, Joakimu, alipoingia uani na kuketi kwenye kigoda karibu na zizi. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Joakimu alikuwa amekufa tangu wakati wa palizi, na hiyo ndiyo saa aliyokuwa akija. Watoto waliokuwa wakirudisha mbuzi walimpa shikamoo, naye akaitikia, kisha akauliza kama ng'ombe mwekundu amekunywa maji. Alikuwa amekunywa.

Jioni ile hakuwa na kofia. Genoveva alidhani ameisahau huko atokako. Kesho yake hakuwa na sikio la kushoto, na sikio mtu hasahau.

Aliyegundua sababu ni binti yao, Brightness, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani. Yeye ndiye aliyeuza vitunguu vya akina mama wa Masieda kwenye soko la mtandaoni. Wateja wa Arusha walinunua kwa simu, soko likakata chake, kilichobaki kikaingia kwenye laini. Laini ilisajiliwa kwa dole gumba la Joakimu, na akaunti ilikuwa kwa jina lake. Masieda hakuna mtu anayesumbuka kubadilisha laini eti kwa sababu mwenyewe amefariki, maadamu mtandao unashika.

Brightness alimweleza mama yake polepole. Fungu moja ni elfu mbili. Soko linachukua ada ya asilimia tatu, yaani shilingi sitini. Juu ya hizo sitini kuna kodi ya asilimia kumi na nane, yaani shilingi kumi na senti themanini. Soko halipendi vipande, kwa hiyo linapandisha kodi mpaka kumi inayofuata, inakuwa ishirini. Kile kinachoongezeka hapo katikati si ada wala si kodi. Kinatoka kwa mwenye akaunti mwenyewe, leo kofia, kesho sikio, na kila fungu linahesabiwa peke yake.

Walipiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Alisema mfumo ndivyo ulivyo, na kama kuna malalamiko, mwenye akaunti afike mwenyewe ofisini Arusha na kitambulisho, kabla ya saa kumi. Joakimu alipoambiwa alisikitika kidogo, akasema yeye ruhusa yake huanza jioni.

Dawa ilikuwa moja, kuuza gunia zima kama bidhaa moja ili kodi ipandishwe mara moja tu. Lakini hapo ndipo palipokuwa na kazi. Akina mama wale hawakuchanganya vitunguu. Kila mmoja alifunga vyake, na kila fungu lilitangazwa kwa jina la aliyelilima. Joakimu alipokuwa hai aliwashauri wachanganye, na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mke wake. Vichwa vya Genoveva vilijaa kiganja. Vya jirani yake Helena, maskini, vilikuwa vidogo kama ndimu za kiangazi. Genoveva alisema mbele za watu kwamba vyake haviwezi kuliwa kwa jina la Helena. Helena alikuwepo, na alisikia.

Sasa Genoveva alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba. Ilimchukua muda, maana watu walikuwa na kumbukumbu nzuri, na huku mafungu yaliendelea kuuzwa mojamoja kwani chumvi na sabuni havingoji. Helena ndiye aliyekubali wa kwanza. Siku hiyo kwa Joakimu palikuwa pamebaki mkono mmoja, shati, na sauti.

"Nilikuambia mchanganye, mama Brightness," ile sauti ilisema.

"Uliniambia," alisema Genoveva. "Nisamehe, baba Brightness."

Joakimu alisema ameshasamehe zamani, akauliza habari za ng'ombe.

Brightness alipiga hesabu mara tatu. Mafungu hamsini ni laki moja. Ada ni elfu tatu. Kodi ya ada ni mia tano na arobaini kamili, haina cha kupandisha. Joakimu angebaki na mkono wake, shati lake na sauti yake, na kila gunia la hamsini lingemwacha alivyo. Wanawake walileta vitunguu, mafungu hamsini yakatimia, na gunia likalala ndani.

Asubuhi, kabla ya kulishona, Genoveva alilifungua kuvitazama vyake. Vilikuwa vyeupe, vizito, vimebanana na vile vya Helena. Alitoa mafungu matatu mazuri kuliko yote, akayaweka chini ya kitanda.

"Mama, hayafiki hamsini," alisema Brightness.

"Andika yaliyopo."

Brightness alimtazama, akaandika arobaini na saba. Ada ikaja elfu mbili mia nane na ishirini. Kodi ikaja mia tano na saba na senti sitini, soko likapandisha mpaka mia tano na kumi.

Jioni kigoda kilikaa kitupu. Watoto walipita na mbuzi bila kumwamkia mtu. Genoveva alikaa barazani mpaka giza likaingia, akalia kwa sauti, na Helena akaja kukaa naye. Shilingi mbili na senti arobaini zilizoongezeka zilikuwa zimemaliza alichobakiwa nacho Joakimu. Alijuta, na alijua kabisa anajutia nini.

Baada ya hapo kila mama alirudi kufunga vyake kwa jina lake, kwani hapakuwa tena na wa kuokolewa. Brightness alimpeleka mama yake Dongobesh, laini na akaunti vikahamishiwa kwa jina la Genoveva, dole gumba likachukuliwa. Wiki ile waliuza mafungu mengi. Jumapili, akiosha maharage, pete ya ndoa ilimpwaya ikaanguka ndani ya sufuria. Aliitoa, akaizungushia uzi ili ikae, akarudi barazani kufunga vitunguu.