Ndege wa Ukuta wa Kioo

Fundi Kioo alikuwa na dada mmoja tu, na dada huyo ndiye aliyemletea habari mbaya ndani ya boksi la viatu.

Ilikuwa asubuhi. Fundi alikuwa amelaza kioo cha dirisha la mteja juu ya meza yake ndefu, ile iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike, na kisu chake cha kukatia kilikuwa tayari kati ya vidole. Dada akaingia bila kubisha hodi, bado amevaa koti la kazi. Alikuwa msafishaji wa maktaba ya mji. Aliingia kazini jua likichomoza na kutoka wasomaji wanapoanza kufika. Alimzidi fundi kwa miaka tisa. Alimbeba mgongoni, akamfuta makamasi, na hata leo, fundi akiwa na mvi kichwani na wajukuu nyumbani, bado alimwita "mdogo wangu" mbele ya wateja.

"Umeninunulia viatu, dada?" fundi akatania.

"Fungua polepole. Na usipige kelele."

Ndani ya boksi, juu ya kitambaa cha kufutia vumbi, alilala ndege. Alikuwa mdogo hivi kwamba asingejaza kiganja cha mtu mzima: mdiria wa ile jamii ndogo kabisa, mgongo buluu ya kukolea, kifua rangi ya chungwa, na mdomo mwekundu mrefu kuliko anavyostahili kiumbe wa kimo kile. Macho yalikuwa nusu yamefumba. Kifua kilipanda na kushuka mbiombio.

"Umemtoa wapi?"

"Chini ya kioo chako," dada akasema. "Huyu ana bahati, yuko hai. Wenzake hawakubahatika."

Kioo hicho hakikuwa kioo cha hivi hivi. Maktaba mpya ilipojengwa kando ya bustani ya mji, fundi alipewa kazi ya ukuta mzima wa mbele: vioo kumi na sita, kila kimoja kirefu kuliko mlango, vilivyounganishwa hata usione viungo. Ilimchukua siku arobaini. Aliviinua kwa vishikio vya mpira vinavyonyonya kioo, akavipanga kama mtu anayelaza watoto wachanga, akavifuta mpaka vikapotea machoni. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikuja na tabasamu lake, akaukosa mlango kwa hatua mbili na kugonga pua kwenye kioo, pu! Watu walijizuia kucheka. Fundi hakujizuia hata kidogo. Kwake ile ilikuwa sifa kuu kuliko hotuba zote. Tangu siku hiyo mji mzima ukamwita Fundi Kioo, naye akaacha kabisa kujibu kwa jina jingine.

Sasa dada yake alikuwa amesimama mbele yake na boksi la viatu.

"Wenzake gani?" akauliza.

"Ninaowaokota kila asubuhi. Leo wawili, kesho mmoja, siku nyingine watano. Chiriku, kwera, tetere, na wengine nisiowajua hata majina. Ninawazika nyuma ya ua kabla mkuu wa maktaba hajafika."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomaliza kazi."

Fundi akakiweka kisu chini. "Miezi saba, dada! Na hujaniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila ninapopita nasikia, mdogo wako fundi, mdogo wako hana mfano. Na wewe mwenyewe unatembea kifua mbele kama jogoo. Nikasema, acha afurahi kidogo. Lakini huyu wa leo alinitazama. Nimeshindwa."

Fundi alitaka kujitetea. Akasema ndege nao wana macho, kwani hawaoni wanakokwenda? Dada akamjibu kwamba mgeni rasmi naye alikuwa na macho, tena na miwani.

Waliliweka boksi kwenye pembe yenye giza na utulivu, mbali na mashine, wakalifunika nusu. Dada akaenda kupumzika. Fundi akarudi mezani. Alikata kile kioo cha mteja kikaenda upande, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka mingi. Alipolikaribia boksi alitembea kwa ncha za vidole, mtu mzito kama yeye, kama anayenyatia mtoto aliyelala.

Karibu na adhuhuri akasikia mkwaruzo. Akafunua. Mdiria alikuwa ameketi wima, macho meusi yamefunguka, anamtazama. Fundi akaingiza mkono taratibu, na ndege akapanda kidoleni kama aliyealikwa. Vikucha vilikuwa vyembamba kama uzi wa kushonea. Fundi alitoka naye nje mpaka kwenye uwazi nyuma ya karakana, akasimama. Kwa muda ndege hakwenda popote. Jua lilimwangukia mgongoni, na fundi akaona kwamba ile buluu haikuwa buluu moja: palikuwa na zambarau pembeni mwa shavu, na vitone vya buluu hafifu utosini, vidogo kama chembe za chumvi. Alikuwa ameishi miaka hamsini na sita katika mji huu na hakujua kwamba anaishi na kiumbe wa namna hii.

Kisha kidole kikawa chepesi, na ndege akawa hayupo.

"Asante," fundi akasema kwa sauti. Hakujua hasa anamshukuru nani, ila neno lilikuwa limeshatoka, na hakutaka kulirudisha.

Kesho yake alfajiri alifuatana na dada kazini. Dada akaingia na ndoo zake. Yeye akakaa kwenye benchi la bustani, akautazama ukuta wake kwa mara ya kwanza kutoka upande wa ndege. Jua lilipotoka akaelewa kila kitu. Bustani ilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyuma yake, na ya pili ilikuwa ndani ya kioo, na matawi yake, na anga lake, imekamilika hata hungeweza kusema ipi ya kweli. Chiriku wawili walitoka kichakani wakifukuzana. Mmoja akakata kona. Mwingine akaendelea moja kwa moja kuelekea anga la kioo.

Ta!

Fundi aliifahamu sauti ile. Hivyo ndivyo kioo kilivyolia kila alipokigonga kwa ukucha kabla ya kukipokea kutoka kwa muuzaji, kusikiliza kama kina ufa. Alikwenda akapiga magoti, lakini yule chiriku alikuwa amekwisha. Bado alikuwa na joto. Fundi alimzika mwenyewe.

Mkuu wa maktaba alipofika, mama mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkuta fundi mlangoni ana udongo mikononi.

"Fundi! Kuna nini? Kioo kimepasuka?"

"Hakijapasuka, mama. Afadhali kingepasuka."

Akamweleza. Mkuu wa maktaba alisikiliza akitikisa kichwa. Hakuwahi kuona ndege hata mmoja. Ndipo dada akaweka ndoo chini na kusema, "Hukuwaona kwa sababu mimi nilikuwa nawaondoa. Nisamehe, mama. Nilidhani nasafisha."

Mama yule akapendekeza mapazia.

"Mapazia yatakuwa ndani," fundi akasema. "Ndege anagonga nje. Dawa lazima iwekwe nje."

"Lakini fundi, watu wanakuja hapa kwa ajili ya ule ukuta. Wanasoma huku wanaangalia bustani. Utaniharibia?"

"Nipe kioo kimoja tu, cha mwisho pale. Wiki mbili. Nikikosea, nakitoa na kukibadilisha kwa gharama yangu."

Akakubali, ingawa uso wake haukukubali sana.

Kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kukata umbo la mwewe kwenye plastiki nyeusi na kulibandika katikati ya kioo. Alilichonga vizuri, makucha na mdomo. Kesho yake dada akampigia simu akicheka kwa uchungu. "Mwewe wako amekaa kama mwenyekiti wa mkutano. Wananchi wanampita pembeni wanakwenda kugonga."

Fundi akarudi benchini, asubuhi tatu mfululizo. Kuuliza si ujinga, lakini nani wa kumuuliza? Akawauliza ndege wenyewe, kwa kuwatazama. Aliona jinsi wanavyopita katikati ya matawi bila kupunguza mwendo. Popote palipokuwa na nafasi ya kupitisha ngumi ya mtu, walipita. Palipobana kuliko hapo, waligeuka. Akaenda akapima nafasi zile kwa vidole. Basi akaelewa kwamba mwewe mmoja ni kitu kimoja tu cha kukwepa. Kinachotakiwa ni kioo kizima kionekane hakina pa kupitia.

Alinunua plastiki nyeupe ya kubandika, ile inayoandikiwa majina ubavuni mwa magari, akaazima kwa fundi viatu chuma cha kutobolea ngozi. Akatoboa nukta ndogo ndogo, kila moja sawa na punje ya mahindi. Akavuta uzi wenye chaki juu ya kioo, mstari baada ya mstari, akabandika nukta hizo kwa upande wa nje, kati ya moja na nyingine vidole vitatu, juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Kioo kimoja kilimeza nukta zaidi ya elfu mbili. Mgongo ulimuuma hata akashindwa kuinama kuvaa soksi.

Alipoingia ndani kuangalia, bustani ilikuwa pale pale. Nukta zilionekana kidogo tu, kama manyunyu, na baada ya dakika chache jicho lilizisahau.

Wiki mbili zikapita. Chini ya vioo kumi na tano, dada aliokota ndege thelathini na mmoja. Chini ya kile cha nukta hakuokota hata mmoja. Hakuwazika mapema safari hii. Kila asubuhi alimsubiri mkuu wa maktaba aje aone. Siku ya mwisho mama yule aliinama mwenyewe, akamwokota kwera wa manjano, akamshika kwa mikono miwili. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Fundi," akasema, "vilivyobaki utaanza lini?"

"Leo."

Walifanya kazi ile jioni baada ya jioni, kuanzia saa kumi mpaka mwanga ulipokwisha. Dada alishika uzi. Fundi alipanda ngazi. Mkuu wa maktaba alivua viatu, akafunga funguo zake kwenye leso zisipige kelele, akachukua safu za chini. Mstaafu mmoja aliyekuwa akija kusoma magazeti aliuliza wanafanya nini. Alipoambiwa, akakunja gazeti na kuomba nukta. Walikosea, wakabandua, wakabandika upya. Dada alipotaka kulalamikia magoti, alikumbushwa na wote kwa pamoja kwamba haba na haba hujaza kibaba, akawaambia kibaba hicho wangekijaza haraka kama wangepunguza domo. Wiki ya tatu ukuta ukakamilika.

Hakuna aliyekuja kuufungua rasmi. Baadhi ya watu walisema fundi amezeeka, ameutia ukuta wake tetekuwanga. Aliwacheka. Mara moja moja tetere mzito alikuwa bado anagusa kioo kwa bawa na kugeuka, akiacha alama ya vumbi, lakini akaenda zake mzima.

Mvua za kwanza ziliponyesha, dada alimpigia simu mapema kuliko kawaida. "Njoo," alisema, kisha akakata. Fundi alikimbia njia nzima na roho mkononi, akidhani dada amewakuta ndege wengi wamelala chini ya ukuta.

Alimkuta dada amekaa kwenye benchi, fagio liko pembeni. Alimwonyesha kwa kidevu. Usiku ule ndege wa safari walikuwa wameshuka bustanini. Mbayuwayu walijaza nyaya zote, wakichambua manyoya yaliyolowa. Nyasi zilijaa ndege wadogo wa kahawia wenye kutikisa mikia, na kila kichaka kilikuwa kinaongea. Wengine walipita mbele ya kioo, wakaona, wakapinda, wakaendelea na shughuli zao.

"Wametoka mbali, hawa," dada akasema.

"Mbali sana."

"Chini pale nimefagia majani tu." Akamsogezea kikombe cha chai aliyoimimina kutoka kwenye chupa yake ya moto. "Kunywa, mdogo wangu."

Fundi akanywa. Karakanani palikuwa na wateja wawili wanaomsubiri, na alijua hivyo. Alimwambia dada yake asante, safari hii akijua vizuri anayemshukuru, na dada akamwambia anyamaze, anafukuza ndege.