Ovaroli Zilizofuliwa Nyumbani

Nimeishi katika miji kumi na mmoja, na katika yote ni mlango mmoja tu uliowahi kufunguliwa kwa ajili yangu bila maswali mengi: wa dada yangu. Nilirudi kwake mwaka jana na begi moja na magoti mabovu. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Miguu, umechoka kutembea au wamekufukuza?"

"Yote mawili, Dada."

Akasogea pembeni, nikaingia. Hiyo ndiyo karibu niliyopata, na ilinitosha.

Miguu ni jina alilonipa nikiwa mdogo, kwa sababu sikukaa mahali pamoja. Yeye ndiye aliyenilea. Mumewe alifariki zamani, watoto wako mbali, wanapiga simu wakikumbuka. Nyumba ina vyumba vitatu, na sisi wawili tulikuwa tunaongea machache: redio imesema nini, chumvi imezidi, mvua itanyesha au la. Saa zilizobaki nilikuwa nasikiliza kikohozi chake. Kikavu, hakitoi kitu, kinamkata pumzi akipanda ngazi tatu za mlangoni. Alishakunywa dawa za kifua kikuu mara mbili, miezi kwa miezi, ingawa wadudu wa ugonjwa huo hawakuwahi kuonekana kwenye makohozi yake.

Sasa, mjini walitaka kubomoa nyumba za zamani za wafanyakazi, zile ndefu zenye paa la asbesto. Sheria inasema huvunji jengo kama hilo kabla hujaandika kila mahali asbesto ilipo. Ramani zilikuwa zimeliwa na panya. Mkaguzi wa usalama kazini, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, akaulizia ni fundi gani aliyeezeka pale bado yuko hai. Wakamwelekeza kwangu. Miaka minne niliyofanya kazi juu ya yale mapaa ujanani, nikikaa kwa dada, ndiyo mingi niliyowahi kukaa kwenye kazi moja.

Siku ya kwanza alinitazama kidevu.

"Mzee wangu, hizo ndevu itabidi ziondoke."

"Ndevu hizi nimetembea nazo nchi tatu."

"Basi ziage. Barakoa haishiki penye nywele, vumbi linapita kama limealikwa."

Nikanyoa. Jioni dada aliponiona akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe una kidevu! Umependeza, mdogo wangu. Miaka yote hiyo ulikuwa unamficha nani?"

Lakini siku ile nilikuwa nimerudi na jambo kifuani, na sikuweza kucheka naye.

Nilikuwa nimemwonyesha mkaguzi kila kitu: mabati yale ya asbesto juu, mifereji, mabomba ya maji machafu, dari za jikoni. Nikawaona vijana wake wakifanya kazi kwenye jengo tulilomaliza kuandika. Wanamwagia maji kwanza. Wanafungua misumari mmoja mmoja, wanashusha bati zima bila kulivunja, wanalifunga kwa plastiki nene mara mbili na kulibandika onyo. Sisi tulikata kwa msumeno, kavu, upepo ukivuma. Tulishuka weupe kama watu waliomwagiwa gunia la unga, tukachekana. Msimamizi alitupa maziwa kila mchana, eti yasafishe kifua. Tuliamini. Hakuna aliyejiuliza maziwa yanafikaje kifuani wakati yanakwenda tumboni.

Pa kutokea walikuwa wamesimamisha hema lenye vyumba vitatu. Cha kwanza unavua, cha kati unaoga, cha tatu unavaa nguo zako za nyumbani. Suti nyeupe wanazovaa kazini hazitoki. Zinafungwa na kwenda kuzikwa pamoja na mabati.

"Yote haya kwa ajili ya nguo?" nikamtania mkaguzi. "Sisi zetu zilifuliwa nyumbani."

Akaacha kuandika. "Na nani?"

"Dada yangu."

"Alizifuaje?"

Nikamweleza. Alizikung'uta kwanza ukutani, nyuma ya nyumba, kwa nguvu zake zote. Ukiziloweka bila kuzikung'uta maji yanakuwa uji na kuziba mtaro. Ovaroli mbili kwa wiki, miaka minne.

"Yuko hai?"

"Yupo."

"Anakohoa?"

"Hapana," nikasema. Lilitoka haraka, kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari.

Mkaguzi akanieleza polepole, kwa heshima. Kwamba vumbi lile ni nyuzi ndogo zisizoonekana, na zile zinazozama ndani kabisa ya mapafu hubaki humo. Kwamba ugonjwa unaweza kusubiri miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. "Ndiyo maana sheria inakataza nguo za kazi kwenda nyumbani," akasema. "Kuna wanawake waliougua bila kukanyaga mahali pa kazi hata siku moja."

Wiki tatu nilikaa na hayo maneno. Tulikula meza moja, nikamsikia akikohoa, nikaangalia sahani. Akiniuliza mbona kimya, nikasingizia magoti. Mara mbili nilipanga nguo kwenye begi. Kuondoka ndiyo kazi ninayoijua kuliko kuezeka. Unaamka mapema, unakunja shuka vizuri, basi. Ila nilipojaribu kufikiria mji wa kumi na mbili, sikuona sura ya mtu yeyote ndani yake. Na nikibaki nikasema, nitakuwa mimi niliyemletea ugonjwa mpaka ndani kwake, na kwake ndiko pekee kulikobaki.

Kisha dada akaitwa kituo cha afya. Walitaka kumwanzishia dawa mara ya tatu, miezi minane, safari hii na sindano. Zile za mwanzo zilikuwa zimemfanya aumwe viungo na kutapika kila anachokula.

"Nisindikize," akasema. "Zile ngazi zao peke yangu siziwezi."

Daktari alikuwa mgeni pale, mwenye haraka. Akafungua fomu. "Mama, umewahi kufanya kazi mgodini, kiwandani, machimboni?"

"Sikuwahi kufanya kazi, daktari. Nilikuwa nyumbani tu."

Kalamu ikaanza kuandika. Niliiona ikiandika. Dada alikuwa ameshakunja mkono wa gauni tayari kwa sindano, na mkono wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoukumbuka.

"Alifua ovaroli zangu," nikasema. "Miaka minne. Nilikuwa naezeka mabati ya asbesto, nakata kwa msumeno, narudi na vumbi lote nyumbani. Alizikung'uta kwa mikono."

Daktari akaweka kalamu chini. Akachukua picha ya kifua, akaiinua dirishani, akakaa nayo muda mrefu.

"Mbona mara zote mbili hamkusema?"

"Mara zote mbili hakuna aliyeniuliza nimefua nguo za nani," dada akajibu.

Mpango wa dawa ukasimamishwa palepale. Daktari alituonyesha mistari myeupe chini ya mapafu, na ule utando wa nje uliokuwa umekakamaa. Makovu, akasema, na hakuna dawa inayoyafuta. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa wakaangalie kama ni makovu tu au kuna kibaya zaidi. Kisha akanigeukia mimi, akanituma chumba cha picha. Baada ya saa moja akaniita peke yangu.

"Kifua chako hakina doa, mzee. Inatokea."

Nilitoka nimebeba habari hiyo kama mwizi.

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nikakaa, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu."

"Siku ile uliyonyoa?"

"Siku ile."

"Nikakuambia umependeza." Akatazama barabara. "Na picha yako?"

Ningeweza kusema hawajamaliza kuisoma. "Safi," nikasema.

Akaushusha mkono wa gauni aliokuwa ameukunja kwa ajili ya sindano.

"Lile vumbi uliniletea bila kujua," akasema. "Hizi wiki tatu umeniletea ukijua."

Nikafungua mdomo, akainua kiganja. Kikohozi kikamshika, nikanyoosha mkono kumshika mgongo, akausogeza mgongo. Alipopata pumzi akauliza, "Mlikuwa wangapi kule juu?"

"Ishirini na kitu."

"Na wao nguo zao zilifuliwa na nani?"

"Wake zao. Mama zao."

"Mke wa Kipara, yule fundi mwenzako, nilimwona sokoni, anasimama kila hatua kumi. Naye alipewa dawa kama zangu." Akasimama, akaikunja barua ya daktari mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Basi kazi unayo. Kawaambie."

"Nikimaliza, nirudi?"

"Kwanza nenda, Miguu."

Akashuka zile ngazi akishikilia chuma cha pembeni. Hakunihitaji, au hakutaka kunihitaji. Sikumfuata.

Nyumba ya kwanza ya fundi mwenzangu walikuwa wamehama, anakaa mtu mwingine asiyewajua. Ya pili ilikuwa na kufuli. Jirani akaniambia mama wa hapo walimzika mwaka juzi, kifua tu kilikuwa kinamsumbua. Nikasimama pale mlangoni kidogo kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

Ya tatu ilikuwa ya marehemu Kipara, fundi aliyekuwa akinishikia ngazi. Nilibisha mara nne. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua, kisha kimya, kisha hatua. Mlango ukafunguka nusu. Mkewe alikuwa ameegemea fremu kwa mikono miwili, anatafuta hewa.

"Nani wewe?"

"Nilifanya kazi na mume wako, shemeji. Nimekuja kuuliza habari za nguo zake."

"Umechelewa. Tuligawa zote baada ya msiba."

"Si hizo. Za kazi. Nani alikuwa anamfulia?"

Akanitazama kana kwamba nimetoka kwenye mapaa yale leo hii.

"Mimi," akasema. "Kwani angekuwa nani mwingine?"