Mfalme wa Jumatatu Iliyopotea

Wivine alikuwa na kiu moja isiyokatika: kujua kilicholala chini ya banda la njiwa la kaka yake, Ghislain. Mtaa wao katika mji wa Tournai umekaa juu ya makaburi ya Wafaranki, watu wa kale. Mfalme Childeric alizikwa hapo na nyuki wa dhahabu, na farasi wakafukiwa kandokando yake. Watalii hupiga picha hata kuta za vyoo. Ghislain naye huwatokea kifua mbele: "Farasi wa mfalme wako chini ya njiwa wangu." Lakini umwambie achimbe? Thubutu; atakuambia njiwa wake wasisumbuliwe.

Jumatatu Iliyopotea ya mwaka huu, karamu ya mji wao ya kila Januari, walikula sungura kwa plamu kama ilivyo ada, kisha wakachota vikaratasi vya kugawana vyeo vya karamu. Ghislain akaangukia Mpishi. Wivine akapata Mfalme, na amri ya mfalme haipingwi mpaka meza isafishwe.

Akanywa, wakamshangilia. Akaweka bilauri chini.

"Hamisha banda. Chimba."

"Dada, umelewa wewe."

"Nimetawazwa."

Aurore, mpwa wao mwanaakiolojia, alicheka mpaka machozi. "Mjomba, mila ni mila. Kibali ninacho tangu mwaka juzi, tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Ghislain akahamisha njiwa mmoja mmoja huku akinung'unika. Kesho yake sepetu ikagonga mfupa. Mzee mzima akapiga magoti kwenye tope, akauinua kwa mikono miwili.

"Farasi," akanong'ona.

Aurore akaupangusa, akauma mdomo. "Sungura, mjomba. Na ana alama za kisu cha mezani."

Wakakumbuka. Marehemu mama yao alikuwa akifukia pale mifupa ya karamu, mbwa wasiipate.

Ghislain akaanza kurudisha udongo. "Miaka yote hiyo nimewaambia watu farasi. Je, kama hakuna kitu? Tufukie, dada. Bora nisijue."

Kumbe hakuwa akiwalinda njiwa. Wivine alimwonea huruma, tena sana, ila hamu ya kujua ikaishinda huruma. Akamshika mkono, akamvuta mpaka mlango wa jikoni. Sahani za jana zilikuwa palepale, mchuzi umeganda, mifupa ya sungura imelala pembeni.

"Meza haijasafishwa," akasema. "Rudi ukachimbe, Mpishi."