Mikono ya Verlene

Jumamosi asubuhi Verlene Tuggle alichovya panya aliyegandishwa, chakula cha nyoka wake, kwenye kikombe cha maji ya moto, akangoja alainike. Kikombe kilikuwa cha marehemu mumewe. Sasa ni cha panya, na heri mwenyewe hayupo kuona.

Nyoka alikuwa na wiki moja tu nyumbani: nyoka mfalme, mweusi mwenye pete nyeupe, asiye na sumu. Alimnunua kwa jirani yake, Hoyt Burdette, anayefuga nyoka kwenye gereji yake. Verlene alitaka mnyama asiyehitaji kuchanwa manyoya wala kushikwa kamba, maana vidole vyake havikunjuki. Kwa miaka ishirini na miwili alikata mabawa ya kuku kiwandani, na vidole vimebaki kana kwamba bado vimeshika kisu. Daktari wa kiwanda aliandika kuwa ni uzee. Verlene ana miaka hamsini na moja. Aliitaka fidia yake, na kunyamaza hakukuwa kwenye mipango yake.

Hoyt alikuwa amempa masharti. Kifuniko cha tangi la nyoka kibanwe, upande mmoja uwe na joto, na kubwa kuliko yote, anawe mikono kabla ya kumshika, kwa sababu nyoka hawa wakinusa chakula hawaulizi maswali. Verlene alinawa mara tatu kwa sabuni. Lakini kuku wa miaka ishirini na miwili hatoki kwa sabuni. Nyoka alimng'ata mkono wa kulia, akang'ang'ania, akawa anatafuna taratibu. Verlene akampigia Hoyt simu kwa mkono wa kushoto.

"Usimvute," Hoyt alisema. "Akigundua kuwa wewe si kuku, atakuachia."

"Kiwandani hawajagundua mpaka leo."

Ilichukua dakika arobaini. Kisha nyoka akaonja na mkono wa kushoto, akarudi kulala chini ya maranda.

Mwezi uliofuata macho ya nyoka yaliingia ukungu, akajivua gamba zima, toka puani hadi mkiani. Siku hiyohiyo ngozi ya mikono ya Verlene ikabanduka kuanzia vifundoni, ikatoka kama glovu mbili. Mikono iliyobaki ilikuwa laini, ila vidole vilikunjika vilevile. Glovu nazo hazikutulia. Zilishika kisu cha jikoni na kuukatakata mkate wa mahindi wote. Hoyt alikuja kuzikagua, akasema zimetoka bila kuchanika, dalili, kama kwa nyoka, kwamba unyevu wa nyumba unatosha.

Jumatatu Verlene alivaa gauni la kanisani, akazipeleka kiwandani kwa afisa utumishi, bwana Garland Pruitt. Akazitua mezani.

"Huu ndio ushahidi wangu," alisema. "Zimesahau kazi nyingine zote isipokuwa kukata."

Glovu zilichukua kisu cha kufungulia bahasha, zikaanza kukata faili. Pruitt alitazama saa yake, akahesabu: mikato arobaini na miwili kwa dakika. Akauliza kama huwa zinaomba ruhusa ya kwenda chooni. Verlene alisema hapana. Akaombwa aziache zichunguzwe.

Barua ilifika baada ya wiki tano. Dai limekataliwa. Mikono ya mdai iko kazini, zamu ya asubuhi, nafasi yake ileile, haijachelewa hata siku moja wala haijalalamika.

Verlene aliisoma mara mbili. Ilimuuma sana, akalia kwa hasira palepale jikoni. Halafu akaenda kumlisha nyoka, nyoka akamkataa panya. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tena. Vifundo vya Verlene vikaanza kuwasha.

Hoyt alimwonya asiivute ngozi, aiache itoke yenyewe. Kisha akauliza kama atazipeleka na hizi, maana watazichukua tu.

"Wazichukue," Verlene alisema. "Nitapeleka mpaka mkanda wote wa kukatia kuku uwe mikono yangu mitupu. Siku ikikakamaa yote pamoja, tuone watamwambia nani tena kuwa ni uzee."

Akatoa gauni la kanisani, akalipiga pasi, pasi ameibana kati ya ngumi zake mbili.